Mpira Niliolaza Upande Laini Juu

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa kulaza mpira upande laini juu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina kibanda cha mabati karibu na soko la Kakamega, na mpira huo niliulaza kwenye sakafu ya pikapu ya Mzee Lihanda. Nilipomaliza niliupangusa kwa kitambaa. Nikarudi nyuma hatua chache kuutazama, nikaona alama ya kidole changu, nikaenda kuupangusa tena. Siku ile niliamini sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Kwa macho tu, mpaka leo sijafanya.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii ya kutandika bodi za pikapu na kuzifunika. Mimi niliifanya tangu wakati wa miwa, wakati mtu wa Kabras alipokuwa akivuna mwezi huu na mwezi ujao anaonekana mjini akikagua magari, hadi vidole vyangu vilipokataa sindano. Sikufundishwa na mtu. Nilitafuta maturubai mabovu, nikayafumua mshono mmoja mmoja nione yalivyoshonwa, nikayashona upya, nikayafumua tena. Anayejifundisha mwenyewe hana wa kumwambia kwamba sasa inatosha. Nilikuwa kijana wa wasiwasi. Nilipima mara nne kabla ya kukata. Mteja akichelewa kuja kuchukua gari, nilianza kuwaza kwamba kuna mtu amemwambia kasoro ambayo mimi sikuiona. Watu waliniita fundi makini. Ilikuwa woga tu, na woga huo ndio ulioharibu maisha ya mtu mwingine.

Lakini kwanza mambo ya kazi, maana najua vijana mnaruka hadi palipo na faida.

Mteja akija, usiangalie gari. Muulize anabeba nini. Akijibu, muulize tena kwa njia nyingine, kwa sababu jibu la kwanza huwa ni la kujipamba. Mchungaji mmoja aliniambia anabeba viti vya kanisa. Nikamtandikia mbao nzuri zilizopigwa randa, zimebanana hata wembe haupiti katikati. Wiki ya pili akarudi na bodi inanuka hivi kwamba wateja wangu wengine walihamia upande wa pili wa barabara. Alikuwa anabeba nguruwe. Nikamuuliza, kwa heshima zote, ni viti gani hivyo vinavyokojoa. Akaangalia chini akasema, "Kanisa inakuanga na mambo mengi, ndugu yangu." Mbao zote zikang'olewa. Ningeacha nafasi ya kidole kati ya ubao na ubao, mkojo ungeshuka na maji yangesafisha. Sikuacha, kwa sababu nafasi zilikuwa zinaniudhi macho.

Turubai la pamba na karatasi ya plastiki si kitu kimoja. Plastiki haipitishi maji, ni kweli, lakini haipitishi pumzi pia. Katika siku hizo watu walibeba mbegu za miwa, vile vipande vya kupanda, kutoka shamba hadi shamba. Ukivifunika kwa plastiki jua likawaka, mbegu inachemka humo ndani na haioti. Mahindi ya Chekalini na Likuyani nayo, yakifungiwa plastiki yakiwa hayajakauka vizuri, yanafika yana jasho. Turubai la pamba ni zito na kulishona kunagharimu usingizi, lakini mzigo unapumua. Lilowanishe kabla ya kulipima kwa mara ya mwisho, maana likinyeshewa hujikaza, na lile ulilolikata likiwa kavu halitafika tena kwenye ndoano. Mkunjo wa mbele ulaze kuelekea nyuma ya gari, upepo usipate mdomo wa kuingilia. Na vifungio, tumia mpira wa tyubu kuukuu. Kamba hulegea barabarani, mpira hufuata mtikiso.

Sakafu ndiyo inayodanganya wengi. Bati linalinda lakini linapiga kelele na linachoma mzigo. Mbao zinashika mzigo vizuri lakini zinanyonya. Chochote utakachotandika, toboa mashimo ya kutolea maji na ukinyanyue mara mbili kwa mwaka. Mbolea ya dukani ikimwagika ikapata maji, inakula chuma polepole huku juu pakionekana pazuri. Nimenyanyua matandiko nikaona barabara chini yake.

Yote hayo niliyajua kwa kukosea. Jirani yangu Andati, fundi wa majeneza na milango, aliyajua kwa kufikiri. Alikuwa mzee mfupi mwenye penseli sikioni na hakuwahi kunisifu. Kila nilipomwita aje aone kazi iliyokamilika, alikuja na randa yake mkononi, akazunguka gari mara moja, akauliza swali lilelile. Wewe unamtengenezea nani, gari ama mzigo? Nilidhani ananionea wivu. Nilikuwa na wateja wenye magari, yeye alikuwa na wafiwa.

Sasa nifike kwa Mzee Lihanda.

Alikuwa mtu wa Isukha, kwao karibu na Shinyalu, lakini miwa ilimpeleka Kabras. Huko ndiko alikokuwa na mashamba, na huko ndiko alikomfuga fahali wake wa kupigana. Nyinyi wa hapa hamhitaji kuambiwa. Kwa wageni nitasema tu kwamba Isukha na Idakho mtu anaweza kuwa na nyumba ya mawe na bado asihesabiwe, lakini akiwa na fahali aliyeshinda uwanjani Jumamosi asubuhi, hata watoto wanajua jina lake. Fahali wa Lihanda aliitwa Meneja. Mwenyewe alieleza kwamba alimpa jina hilo kwa sababu anakula vizuri, anatembea polepole, na hajawahi kushika panga la miwa.

Desturi ni fahali kwenda uwanjani kwa miguu. Watu wake wanamtangulia na ngoma za isukuti, wanaimba, wanamtukuza, wanakata majani na kuyapunga. Lakini kutoka Kabras hadi Shinyalu ni mbali, fahali angefika amechoka. Kwa hiyo Lihanda akaamua kumpeleka kwa pikapu hadi karibu, ngoma zimpokee hapo. Wazee wa Shinyalu wakamcheka. Walisema fahali wa Lihanda anasafiri kama mkaguzi wa shule. Walisema labda atataka pia kuletewa chai. Maneno hayo yalimfikia na yakamwingia.

Akaja kwangu na dereva wake, Ngaira. Ngaira alikuwa mtu wa Shinyalu, mwembamba, mcheshi, na zaidi ya kuendesha gari alikuwa mpigaji wa isukuti ambaye watu walimfuata. Ndiye aliyemlisha Meneja, ndiye aliyemnoa pembe. Lihanda alizunguka kibanda changu, akagusa maturubai, kisha akasema anachotaka.

"Nataka wakiona hiyo gari, wanyamaze."

Alitaka vitu viwili. Turubai juu ya vyuma vya upinde, lifungwe pande zote, watu wa upande wa pili wasimwone Meneja kabla ya saa yake na kumwekea jicho baya. Na tandiko la sakafu ambalo halijawahi kuonekana. Alisema hivyo hasa, halijawahi kuonekana. Hakuna neno ambalo lingenipumbaza zaidi.

Wakati huo kiwandani, mikanda mipana ya mpira iliyokuwa ikibeba miwa, ikichakaa, ilikuwa ikiuzwa kama takataka. Nilipata kipande kizito. Mkanda ule una pande mbili. Upande mmoja ni laini kama ngozi iliyopakwa mafuta. Upande wa pili nyuzi za kitambaa zimejitokeza, unakwaruza mkono, na rangi yake ni ya majivu. Niliukata ukaingia kwenye bodi bila pengo hata la unywele. Nikaulaza upande laini juu, kwa sababu ulisafishika vizuri na uling'aa. Haukung'aa vya kutosha. Nikachukua oili kuukuu ya injini, nikaichanganya na mafuta ya taa, nikausugua mpira wote hadi ukawa mweusi kama kiatu cha bwana harusi, kisha nikaupangusa.

Andati alikuja na randa yake. Akazunguka mara moja. Safari hii hakuuliza swali lake. Aliniambia nipige vipande vya mbao kukingama, shubiri kwa shubiri, fahali apate pa kukanyagia. Akasema pia niache dirisha mbele kwenye turubai, maana ng'ombe akiona barabara anajipanga, lakini ukimfungia gizani hajui kona inakuja lini.

Nilimwambia hilo analolieleza ni zizi, si gari. Nilisema mbao zitakusanya mavi kwenye pembe na misumari itautoboa mpira. Akaondoka.

Ngaira alipokuja kuchukua gari alipitisha kiganja juu ya mpira, akakitazama. Akasema ataweka makapi ya miwa juu kidogo, yako mengi kule Kabras. Hapo ndipo nilipomshika mkono. Nilimwomba asiweke. Nilimweleza kwamba kazi yote itafichika, kwamba mzee anataka watu waone, na mlango wa nyuma ukifunguliwa Shinyalu kitu cha kwanza kionekane kiwe ule weusi. Nilimwambia mpira ni mpira, hauwezi kuteleza. Akanitazama kama mtu anayetaka kucheka.

"Wewe ndiye fundi," akasema, na akatii.

Jumamosi ile nilikwenda Shinyalu mapema, nikasimama pale ambapo gari lingefika. Nilivaa shati la kanisani. Nilitaka kuwaona wakinyamaza. Ngoma zilikuwa tayari, watu wa Lihanda wamejifunga majani kichwani. Mvua ilikuwa imenyesha msituni. Tulingoja hadi mafahali wa kwanza walipoingia uwanjani, kisha akaja mtu kwa baiskeli akasema Meneja ameanguka Isecheno, kule kwenye barabara ya msituni.

Sikumbuki nilifikaje. Gari lilikuwa limesimama sawasawa upande wake wa barabara, kwenye kona ya kuteremka, halikugonga kitu. Turubai langu lilikuwa limepasuliwa na pembe kuanzia katikati hadi nyuma. Meneja alikuwa amelala kwenye bodi, miguu ya nyuma imeachana, mmoja huku mwingine kule, jinsi ambavyo miguu ya ng'ombe haitakiwi kukaa. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alikuwa akijaribu kusimama kwa miguu ya mbele, na kila akijaribu, kwato zinakwenda. Mkojo wake ulikuwa umeenea juu ya mpira ule na mpira ulikuwa unang'aa.

Walimchinjia hapo barabarani. Lihanda alikaa kwenye nyasi akiwapa mgongo. Watu wakagawana nyama, yeye hakugusa.

Katika nchi ya mafahali hakuna ajali. Kabla ya jioni ilishasemwa kwamba upande wa pili walikuwa wamemnunua Ngaira. Kwamba alikata kona kwa nguvu makusudi. Kwamba alionekana siku ya soko akiongea na mtu wa Idakho, upande wa wapinzani, jambo ambalo ni kweli, maana alikuwa ameoa Idakho na yule alikuwa shemeji yake. Ngaira alisema neno moja tu tangu asubuhi, kwamba sakafu iliteleza. Kazi yake, ngoma yake, uwezo wake wa kupita mbele ya watu wa kwao bila kutemewa mate, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye neno hilo. Na mtu pekee aliyeweza kulitia nguvu nilikuwa mimi.

Jumatatu Lihanda akaja kibandani na gari lilelile, na Ngaira. Hakuketi. Alikuwa amezeeka kwa siku mbili. Andati kule kwake aliisimamisha randa.

"Fundi," Lihanda akasema, "huyu anasema sakafu yako inatelezanga. Mimi nataka nisikie kwa mdomo wako. Inatelezanga?"

Vijana, nimeieleza siku hiyo mara nyingi kichwani, na kila mara najipa sekunde moja zaidi ya kufikiri. Sikuwa na sekunde hiyo. Niliona jina langu. Niliona magari yaliyokuwa yakingoja nje. Niliona kwamba ile kazi nzuri kuliko zote ilikuwa karibu kuitwa mbaya.

"Haitelezi, mzee," nikasema.

Nikafanya zaidi ya kusema. Nilichota maji kwa ndoo, nikayamwaga juu ya mpira, nikapanda kwenye bodi nikatembea. Nilitembea kwenda na kurudi mbele yao, nikageuka kwa ghafla, nikakanyaga kwa kisigino. Sikuteleza hata kidogo. Lihanda aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeoneshwa ushahidi mahakamani.

Ngaira hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama viatu vyangu. Nilikuwa nimevaa akala, vile viatu vya tairi la gari. Tairi juu ya mpira hushika hata kukiwa na maji. Kwato hazishiki. Nilijua hivyo nilipokuwa nikipanda kwenye bodi. Sitawadanganya kwamba niligundua baadaye.

"Mpe mzee funguo," nikamsikia Lihanda akimwambia, akijitaja yeye mwenyewe kama mtu wa mbali. Ngaira akaziweka juu ya bodi, hakumpa mkononi. Akaondoka kwa miguu kuelekea barabara ya Shinyalu.

Lihanda aliacha gari nilisafishe. Walipokwenda, niliona juu ya mpira michirizi miwili mirefu, mahali kwato za nyuma zilipokwaruza zikitafuta pa kushika. Niliisugua kwa oili hadi ikapotea. Kisha niling'oa mpira wote, nikaupindua upande wenye nyuzi juu, nikapiga mbao kukingama, shubiri kwa shubiri. Lihanda alipokuja kulichukua nilimwambia nimeongeza nguvu kidogo. Akashukuru. Hakununua fahali tena.

Andati alingoja hadi jioni.

"Viatu vyako ni vya tairi," akasema.

Nikamuuliza kwa nini basi yeye hakusema. Alijibu kwamba yeye hakuulizwa, niliulizwa mimi, na alikuwa anangoja. Baada ya hapo tulisalimiana kila asubuhi hadi alipokufa, lakini hakuja tena kuzunguka kazi yangu. Nilifikiri ningefurahi kukosa maneno yake. Nilianza kujiuliza mwenyewe lile swali lake, kwa sauti, na wateja wakadhani naongea nao.

Yafuatayo ni mafupi kwa sababu yanachosha. Ngaira hakupata gari lingine. Ngoma za isukuti zilimkataa, na wale waliokuwa wakimfuata wakawa wa kwanza kusema walimshuku tangu zamani. Akahamia Likuyani kubeba magunia kwenye mashamba ya mahindi. Mimi nikafanikiwa. Kila pikapu ya miwa ilitaka kupita kwangu, na kila mwenye ng'ombe nilimpigia mbao kukingama na kumwachia dirisha mbele, wakanisifu kwa kufikiria mbali.

Nilitaka kusema. Sikumwogopa Lihanda kama nilivyoogopa kuisema vibaya. Nilianza barua nyingi. Nikikosea neno sikufuta, nilichana karatasi nikaanza upya, maana sikutaka barua ya aina hiyo iwe na madoa. Nilitafuta sentensi ambayo ingeeleza kwamba nilikosa bila mimi kuonekana mtu mbaya. Miaka kumi na moja nilikuwa naitafuta. Lihanda akafa akiwa bado hajapata barua hiyo mkononi. Nilikaa matangani kwake, watu wakisimama mmoja mmoja kumsifu, na mmoja akataja Meneja na yule dereva aliyemuuza. Watu wakaguna. Nikaguna nao.

Wiki iliyofuata nilikwenda Likuyani.

Ngaira alikuwa na mvi na bega moja limeshuka kwa magunia. Mkewe alinikaribisha chai, akauliza mimi ni wa nani. Kabla sijajibu, Ngaira akasema, "Huyu ni fundi wa mpira." Mkewe akainuka akatoka nje, hakurudi. Nilisema yote niliyokuwa nimeyapanga. Yalitoka vizuri, bila kukwama.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Umeongea vizuri. Kama mtu wa redio." Akanywa chai. "Sasa hiyo maneno unaniambia mimi, nifanye nayo nini? Mimi si ndiye nilikuwa kwa usukani? Mimi nilijua siku ileile."

Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha.

"Kwa hivyo umetoka huko Kakamega kuja kuchukua kitu kingine kwangu," akasema. Hakupandisha sauti. "Mama yangu tulimzika kule nyumbani. Mimi nilisimama nyuma kabisa, na wale wageni, kwa sababu mbele kulikuwa na watu wanajua niliuza ng'ombe. Enda useme huko. Mimi usiniambie."

Akamaliza chai yake. Hakunisindikiza.

Nikaenda kwa mtoto mkubwa wa Lihanda. Miwa ilishaanza kumshinda wakati huo, na ile pikapu ilikuwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani. Nilipotaja Meneja ilibidi afikiri kidogo. Nilipotaja Ngaira hakufikiri hata kidogo. "Ah, yule aliuza ng'ombe ya baba?" Watu wa nyumba ile walikuwa wamemsahau fahali, lakini lile shtaka walikuwa wamelihifadhi. Nikamweleza. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema maneno hayo hayamsaidii mtu yakisemewa sebuleni. Jumamosi niende uwanjani.

Nilikwenda. Mzee anayesimamia mafahali alinipa nafasi kabla ya pambano la kwanza, watu wamejaa, ngoma zimenyamazishwa kwa ajili yangu. Nilikuwa na hotuba nzima. Ilinitoka yote kichwani. Niliyosema ni haya: "Meneja hakuuzwa. Sakafu iliteleza. Niliitandika mimi, na nilipoulizwa nikakana." Sauti yangu ilipanda kama ya mtoto, na wengine wakacheka. Vijana wakauliza Meneja ni nani. Mzee mmoja wa rika la Lihanda alinyanyuka kwenye kiti chake.

"Na wewe umekaa miaka hiyo yote ukingojanga nini?" akaniuliza.

Aliendelea kusimama akingoja jibu, kisha mafahali wakaingia na watu wote wakageuka kutazama.

Tangu wakati huo haya ndiyo yaliyobadilika. Mashamba mengi ya miwa sasa ni mahindi na mikaratusi, na wenye pikapu wapya wanapachika matandiko ya plastiki ngumu yaliyotoka dukani na mistari yake ya kuzuia kuteleza tayari. Wanaosafirisha mafahali humwaga mchanga na nyasi, hakuna fundi anayewakataza. Kibanda changu kinauza simu. Ngaira huja Shinyalu Jumamosi kadhaa kwa mwaka, na watu wa kwao humsogezea nafasi mbele, pamoja nao. Wanamsalimia. Mimi hanisalimii.